Neno Dogo Lenye Maana Nyingi

Mkulima mmoja mwenye duka dogo alipata barua ya Kiingereza, akaipeleka kwa karani kijana amsomee. Barua ilisema kwamba leseni yake "has run out". Karani alilijua neno "run" tangu shuleni kuwa ni kukimbia. Basi akajibu, "Mzee, leseni yako imekimbia nje." Mzee akacheka, akaenda zake shambani. Kumbe maana yake ni kwamba muda wa leseni umekwisha. Alipokuja kufahamu, siku za kuitengeneza upya zilikuwa zimepita, akatozwa faini.

Neno hilo lina herufi tatu tu. Lakini mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wamelihesabia maana 645 likiwa kitendo. Likitajwa pamoja na mto, ni kutiririka. Pamoja na mashine, ni kufanya kazi. Pamoja na duka, ni kuliendesha. Pamoja na rangi ya kitambaa, ni kuchujuka. Na pamoja na mtaka ubunge, ni kugombea kiti.

Wala Mswahili asiwacheke Waingereza. Yeye naye hupiga pasi, hupiga simu, hupiga picha na hupiga mbizi, wala hakuna aliyeumizwa.

Basi amsomeaye mwenziwe barua na atazame kwanza ni jambo gani linalotajwa, ndipo achague maana. Akiwa na shaka, na amtafute ajuaye zaidi kabla ya kumjibu mzee wa watu. Kuuliza si ujinga.