Mji wa Shaba Uliolala Chini ya Maji

Sisi tuliozaliwa Likasi tumelelewa na shaba. Siku moja, tukiwa wadogo, baba alitupeleka kuona Tshangalele, ziwa lililofanywa na ukuta wa Mwadingusha mwaka 1930. Akanyosha mkono, akasema: «Zamani watu walipita hapo kwa miguu.» Sisi tukacheka. Maneno yale yameturudia tuliposoma habari za Kennett, mji wa California, kule Marekani.

Kennett nao ulikuwa mji wa shaba. Reli ilifika mwaka 1884. Mwaka 1905 ikajengwa tanuru kubwa ya kuyeyusha mawe ya shaba. Watu wakaja wengi, maduka na hoteli zikafunguliwa. Lakini moshi wa tanuru ulikuwa na sumu ya kiberiti. Miti ikakauka milimani, mvua ikachukua udongo, wakulima wakashtaki. Tena baada ya vita ya 1914–1918 bei ya shaba ilianguka. Tanuru ikazimika, watu wakatawanyika.

Mwaka 1938 serikali ilianza kujenga ukuta wa Shasta katika mto Sacramento, ili kumwagilia mashamba, kuzuia mafuriko na kupata umeme. Ulikwisha mwaka 1945. Kimo chake ni meta 183. Maji yakapanda, yakafunika Kennett. Kumbe hayakuuua mji ule. Yalizika maiti tu.

Lakini wako waliopoteza zaidi. Ziwa lilelile lilifunika bonde la mto McCloud, nchi ya Wawintu, wenyeji waliokuwako kabla ya reli. Sheria ya mwaka 1941 iliwanyang'anya ardhi yao. Makaburi yalifukuliwa, mifupa ikahamishwa. Watoto wao wangali wanadai kwamba ahadi walizopewa hazikutimizwa. Mchimba shaba alikuja kutafuta mshahara, akaweza kuufuata mahali pengine. Je, mwenyeji angefuata nini, na wazee wake wamelala pale?

Basi, hatusemi umeme ni mbaya. Sisi wenyewe tulisoma usiku kwa taa iliyowashwa na nguvu za maji. Kinachotuuma ni kitu kingine. Baba amekwisha kufa, nasi hatukumwuliza: watu wale waliopita kwa miguu walikuwa nani? Walihamia wapi? Tulicheka, tukarudi nyumbani.

Ninyi ambao wazee wenu wangali hai, waulizeni leo, mkaandike majibu yao. Ziwa halina alama ya njia.