Maji ya Mchele Usoni: Faida Zote Bibi Anawapa Kuku

Kuna dada mmoja wa mjini, jina kapuni, ana wafuasi kibao na uso unang'aa kama kioo. Juzi kati alirusha video: loweka mchele wa kienyeji siku tatu, ukianza kunuka uchachu paka usoni. Eti ni siri ya bibi zetu wa milimani, inaua bakteria wote, chunusi kwa heri, majipu kwa heri. Watu wakashea. Binamu yangu wa Soni, kule Lushoto, alikuwa amebakiza wiki tatu kufika sendofu yake. Naye akaloweka.

Tumpe haki yake kwanza, maana hakutunga kila kitu. Kule Kerala, India, kuna mchele wa asili unaitwa Njavara. Matabibu wa Ayurveda wanaupika na maziwa na dawa za mimea, wanaufunga kwenye kitambaa na kumkanda mgonjwa. Na maabara zimeshapima pumba za mchele, hasa ule mweusi na mwekundu. Zina asidi ya feruliki na kemikali nyingine za mimea, na dondoo zake zimeonekana kumzuia Staphylococcus aureus, bakteria anayesababisha majipu mengi.

Sasa shida inaanzia hapo kwenye neno pumba. Sifa nyingi ziko kwenye ile ngozi ya kahawia inayobaki ukishatoa ganda la mpunga. Lushoto ni baridi, milimani kwetu ni viazi, mahindi, kabichi na karoti. Mchele unapanda kutoka mabondeni, Mombo na Korogwe, na kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilomita kama 33 za kona tupu. Unafika umeshapita mashineni, mweupe pee. Hata uwe Supa au Kula na Bwana, mbegu za zamani ambazo wali wake unanukia hadi kwa jirani, ukishakobolewa hivyo, kile kilichosifiwa na maabara kimebaki mashineni. Bibi yangu akipata pumba anawapa kuku. Na kuku wa Bibi wana afya, hilo halina ubishi.

Jambo la pili, maabara wanatumia dondoo iliyokolezwa, wanaiweka kwenye kisahani chenye bakteria wa aina moja wanaowajua. Uso wako una jasho, mafuta, na kidonda cha chunusi uliyoitumbua jana. Halafu mchele mbichi mara nyingi huja na bakteria wengine, Bacillus cereus, ambao vijimbegu vyao vinastahimili hata kuchemshwa. Maji ya wanga yaliyokaa siku tatu kwenye joto la Dar ni kama shughuli ya bure kwao: chakula kipo, na hakuna wa kuwafukuza.

Kwa binamu yangu, siku ya tano vipele vya shavuni vikawa majipu mawili, moja pembeni kabisa ya pua. Siwezi kuapa kwamba ni yale maji yaliyoyaleta. Lakini hayakuyazuia, na yalimla siku tano ambazo angekuwa ameshapata dawa. Alikuwa na sindano mkononi tayari kutumbua. Nesi wa zahanati alimkataza kabisa: mishipa ya damu ya eneo la pua inawasiliana na ile ya ndani ya kichwa, uchafu ukipita huko ni hatari ya maisha. Akapewa vidonge vya kumaliza dozi, na kukanda kwa kitambaa safi cha maji ya moto. Bibi alipoona lile jagi la mchele uliochacha alisema tu, "Mjukuu wangu, si ungeupika tukala?"

Kauli hiyo imenikaa. Bibi zetu wa Usambara hawakuwa na mchele wa kuchezea. Kwao wali ulikuwa wa Krismasi, Idi na harusi. Nani angeloweka chakula cha sikukuu aje kujipaka? Wiki iliyofuata yule dada alianza kuuza chupa, na neno "bibi" limeandikwa kubwa mbele. Jamani, bibi gani huyo?

Ukitaka kunawia maji ya mchele kwenye ngozi nzima, nawia ya siku hiyo hiyo, ukimaliza mwaga. Ila ukiona usaha, homa, wekundu unaosambaa, au mgonjwa ni mtoto, nenda zahanati. Na mapunye ni fangasi, hata dawa ya kweli ya bakteria haiyagusi.

Kama una bibi hai, mpigie leo umuulize alipakaga nini. Halafu tuambie hapo chini, maana wengine wanauziwa majina ya bibi zao bila hata kuulizwa.