Je, Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo?

Mara ya kwanza niliitazama filamu ya Once Upon a Time in the West kwa dakika kumi tu, nikaizima. Wanaume watatu wenye bunduki walikuwa wakingoja garimoshi katika stesheni iliyo nyikani, na muda wote huo hakukutokea jambo. Mmoja alisumbuliwa na nzi usoni. Wa pili alidondokewa na matone ya maji juu ya kofia. Wa tatu alivuta vidole vyake mpaka vikalia. Hapa Kampala tumezoea vibanda vya video ambamo mtafsiri huzungumza juu ya sauti za waigizaji mwanzo hadi mwisho. Nilijiuliza angesema nini hapo. Wahenga walinena: ngoja ngoja huumiza matumbo.

Niliirudia wakati wa likizo kwa sababu ya swali la darasani. Mhadhiri alituuliza taharuki ni nini, nasi tukajibu kwa haraka kwamba ni hamu ya kujua kitakachotokea. Alipouliza hamu hiyo huzaliwa vipi, darasa lilinyamaza.

Filamu hii ya mwaka 1968 iliongozwa na Mwitaliano Sergio Leone, na ina urefu wa dakika 165 hivi. Kisa chenyewe si kigumu. Mkulima aitwaye McBain ana shamba kavu, Sweetwater, lakini ndilo lenye maji pekee katika eneo hilo. Garimoshi la mvuke haliendi bila maji, kwa hiyo reli lazima ipite hapo. Morton, mwenye reli, anamtuma Frank akamtishe mkulima. Frank anamuua yeye na watoto wake watatu, siku ambayo meza zimeandaliwa nje kumpokea mke mpya, Jill. Jill anashuka stesheni akitokea New Orleans, anaangalia huku na huku, na hakuna aliyekuja kumpokea.

Wakati huohuo, mtu asiye na jina anamfuata Frank. Hasemi mengi, hupiga kinanda cha mdomo. Frank anapomuuliza yeye ni nani, hutaja majina ya watu ambao Frank amekwisha kuwaua. Hapo ndipo nilipolipata jibu la swali la mhadhiri. Sikuwa na shaka kwamba watu hawa wawili watapigana. Kilichonishika ni kutojua kwa nini. Leone anatumia mbinu rejeshi kidogokidogo: kwanza tunaona kivuli kinachokuja kutoka mbali, hakina sura, baadaye kinakaribia, mwisho tunaona uso.

Asiyeitazama anisamehe, maana nitasema. Uso ule ni wa Frank alipokuwa kijana. Mbele yake yupo mtoto aliyebebeshwa kaka yake mabegani, na kaka ana kitanzi shingoni. Frank anamsukumia mtoto kinanda mdomoni. Mtoto akichoka, kaka atanyongwa. Akachoka.

Kama ningelijua jambo hilo katika nusu saa ya kwanza, pambano la mwisho lingekuwa la bastola tu kama katika filamu nyingine za koboi. Kwa kuwa nami nilingoja, niliuhisi mzigo wa yule mtoto. Ndiyo maana sikubaliani na uamuzi wa kuipunguza filamu kwa dakika zipatazo 20 ilipoonyeshwa Marekani. Ukipunguza kungoja, umepunguza taharuki yenyewe.

Sisemi kwamba haina kasoro. Katikati, njama za Frank na Morton zinatatanisha. Wenyeji wa asili wa nchi ile hawana nafasi yoyote ya maana, ilhali reli inapita katika ardhi iliyokuwa yao. Jill naye anatendewa na wanaume mambo ambayo filamu inayapita harakaharaka.

Hata hivyo, mwisho wake ndio uliobaki nami. Mlipiza kisasi amengoja miaka mingi na amepata alichokitaka. Jill anatamani abaki. Yeye anapanda farasi na kwenda zake, kana kwamba hana pengine pa kuweka maisha yake. Jill anabaki Sweetwater, anawapelekea maji wajenzi wa reli, na stesheni inajengwa mbele ya macho yake. Wote wawili walingoja. Mmoja alingoja kifo cha mtu. Mwingine alikuwa na kazi ya mikono wakati akingoja. Basi methali zetu mbili hazipingani: subira huvuta heri, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Inategemea unangoja nini.

Nasema hivyo kwa kuwa jambo hili linanihusu. Nina baba mdogo ambaye sijazungumza naye tangu mazishi ya baba, miaka mitatu sasa, kwa sababu ya kipande cha shamba. Nimekuwa nikingoja aje kuniomba radhi. Nimezipanga hata sentensi nitakazomjibu, na kila likizo naziongeza. Filamu ilipokwisha, nilizima kompyuta nikalitafuta jina lake kwenye simu. Sikumpigia usiku ule. Nilimpigia Jumapili, akapokea, tukaongea habari za mvua.