Damu Iliyomwagika Maswa



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya kifo kilichotokea katika mkoa wetu huu wa Simiyu.

Ijumaa, tarehe 29 Januari 2016, rubani Roger Gower, raia wa Uingereza mwenye umri wa miaka 37, alikuwa akirusha helikopta juu ya Pori la Akiba la Maswa, akiwasaidia askari wa wanyamapori kuwasaka majangili. Mizoga ya tembo ilikwisha kuonekana. Ndipo jangili aliyejificha alipofyatua risasi kutoka chini, ikapenya sakafu ya helikopta na kumjeruhi rubani. Alijitahidi kukishusha chombo, na mwenzake aliyekuwa naye akanusurika. Bali yeye alifariki dunia kabla msaada haujamfikia. Siku chache baadaye watuhumiwa walitiwa mbaroni na kufikishwa mahakamani.

Marehemu hakuwa askari kwa cheo. Zamani alikuwa mhasibu, akaiacha kazi hiyo na kujifunza urubani. Hata hivyo, alikufa akiitumikia sheria ya nchi ambayo hakuzaliwa humo, akilinda mali ambayo si yake bali ni yetu.

Sisi wa Usukumani hatuhitaji mgeni atufundishe maana ya ulinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wazee wetu waliunda sungusungu. Mwano ulipopigwa, kila mwanamume alichukua upinde na mishale, akatoka usiku ule ule, hata kama ng'ombe walioibwa hawakuwa wake. Walijua kwamba anayekaa ndani wakati jirani anaporwa, kesho atalia peke yake.

Je, kwa nini basi mwano wa porini hauitikiwi vivyo hivyo? Jibu moja ni la haki, nasi hatulipuuzi. Tembo wakivuka mpaka, shamba la mahindi lililolimwa kwa jasho la msimu mzima huisha kwa usiku mmoja, na kifuta jasho cha Serikali hakiwezi kulijaza ghala. Mkulima aliyeachiwa mabua matupu hawezi kumpenda tembo kwa kuhubiriwa tu. Wenye mamlaka wanapaswa kumsikiliza.

Lakini jangili hafyatui risasi kwa sababu ya mahindi yetu. Anatafuta pembe za ndovu, na faida yake humwendea tajiri wa mbali asiyelijua hata jina la kijiji. Sensa zilionyesha kwamba tembo wa Tanzania walipungua kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Hivyo, kwa miaka mitano zaidi ya nusu walitoweka. Ni kijiji gani kilichotajirika kwa mauaji hayo?

Na biashara hiyo haiwezi kuendelea bila watu wa karibu. Yuko anayeonyesha njia, yuko anayeficha bunduki, yuko anayepika chakula cha wageni bila kuuliza wanakwenda wapi. Hawa hawafyatui risasi, lakini wameishika bunduki pamoja na mwenye kufyatua. Dhambi ya kushiriki ni dhambi pia, hata ikilipwa fedha kidogo.

Wala kifo cha Maswa si cha pekee. Tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 wa Hifadhi ya Virunga, mashariki ya Kongo, waliuawa katika shambulio moja. Wengi wa wanaokufa hivyo ni vijana wa Afrika, wana wa wakulima kama sisi, ambao majina yao hayavuki mpaka wa wilaya zao. Wajane wao hubaki na magwanda yaliyofuliwa na watoto wa kusomesha.

Wapendwa, mchungaji wa mshahara huona hatari akakimbia. Mchungaji mwema hubaki. Yule aliyebaki kwa ajili yetu anatudai jambo moja: tusiwafiche waliomwua. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo juma hili, tuwaombee walinzi walioanguka, pamoja na familia zao. Kisha kila baba na kila mama aongee wazi na kijana wake, kabla tajiri wa pembe hajaongea naye.

Mungu awabariki nyote.