Nyanya Aliyeingia Siyu Alfajiri

Sisi tulizaliwa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, na Kimvita ndiyo lugha tuliyoamkia. Hata hivyo utotoni, kila mgeni aliyetuuliza kwetu ni wapi, tulijibu kama tulivyofunzwa: Siyu. Tulijibu hivyo kwa fahari kabla hatujakiona kisiwa cha Pate hata kwenye ramani. Siyu yetu ilikuwa sauti ya nyanya akisimulia baada ya Isha, harufu ya ngozi ya makubadhi aliyoyaweka sandukuni, na msahafu mmoja ulioandikwa kwa mkono, ambao sisi watoto hatukuruhusiwa kuugusa hata tukiwa na udhu.

Kwa muda wa miaka 6 sasa tunaandika riwaya ambayo mahali pake ni mji huo. Wasomaji wa jarida hili wanaotujua wametuuliza mara nyingi, msikitini na arusini, kitabu kimefika wapi, nasi tumekuwa tukijibu kwa tabasamu. Leo twapenda kueleza kwa nini hakijatoka, maana sababu yenyewe si uvivu wala si mchapishaji.

Tulipoanza tulidhani kazi itakuwa nyepesi. Mji una kila kitu anachokitamani mtunzi. Ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi, watu walionakili misahafu kwa wino wa rangi na kushona viatu vya ngozi vilivyosifika pwani nzima. Ulikataa kuinama mbele ya Seyyid Said, na haukuingia mikononi mwa Unguja hadi mwaka 1863, zama za mwanawe Seyyid Majid. Mtawala wake mmoja, Bwana Mataka, ndiye mume wa Mwana Kupona, yule aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858 ambao mabibi zetu waliuhifadhi kwa moyo. Ngome ingalipo, imeelekea hori na mikoko. Mtu akipewa mali kama hii na bado akashindwa kutunga hadithi, basi kalamu yake ina ila.

Tena tulikuwa na ushindani, tusifiche. Mwaka 2019 Yvonne Adhiambo Owuor, mzaliwa wa Nairobi, alitoa riwaya iitwayo The Dragonfly Sea, nayo yaanzia kisiwani Pate. Tuliisoma kwa raha na kwa wivu. Tukajiambia: ikiwa yeye ambaye nyanya yake hakuzikwa kule ameweza, sisi je? Ilituchukua muda kutambua kwamba swali lile tuliliuliza kichwa chini miguu juu. Asiye na kaburi kule huandika akimwogopa msomaji tu. Sisi tunawaogopa watu ambao Ijumaa tutaketi nao kwenye sinia moja la pilau.

Katika hikaya ya nyumbani kwetu, nyanya wa nyanya yetu aliingia Siyu akiwa bibi arusi kutoka mji wa Pate, binti wa waungwana, na ngoma zikapigwa siku saba. Tuliiandika arusi ile kwa kurasa 22. Tulitia udi na ubani, tulitia vigelegele, tulipuliza hata siwa ya pembe ya Pate ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la Lamu. Tulijivunia kurasa zile kuliko zote.

Shangazi yetu, aliye mkubwa wa ukoo sasa, macho yake hayaoni maandishi tena. Kwa hiyo humsomea kila Alhamisi baada ya Alasiri, naye hutusahihisha. Masahihisho yake ya kwanza yalikuwa ya lugha. Tulikuwa tumewasemesha watu wa Siyu Kiswahili cha vitabu vya shule, akacheka mpaka akashika ubavu. "Ni nani huyu asemaye njoo? Ni ndoo, mwanangu. Na maji ni mai, na macho ni mato, na njia ni ndia. Hawa wako si watu wa Siyu, ni makarani wa Mombasa." Tulirudi tukaanza upya, na kwa kweli wahusika wetu wakapata damu mwilini. Mtu aliyekuwa akisema kama gazeti sasa alikuwa akiomba mai, nasi tukaisikia kiu yake.

Lakini siku tuliyomsomea arusi hakucheka. Alisikiza kurasa zote 22 kimya, huku akipindapinda ncha ya buibui lake. Tulipomaliza akasema, "Arusi hii haikuwako."

Kisha akatuambia. Nyanya wa nyanya yetu alifika Siyu akiwa mtoto wa miaka 7 au 8, kwa chombo, gizani, pamoja na watoto wengine. Alinunuliwa na mwenye nyumba ambayo ndiyo asili ya jina letu. Alipobaleghe akawa suria wake, akamzalia mabinti 2, na bwana alipokufa akawa huru kwa mujibu wa sheria yetu, kama awavyo mama wa watoto. Hikaya ya bibi arusi wa Pate ilitungwa baadaye, na aliyeitunga ni binti yake mwenyewe, wakati alipokuwa akiposwa.

Kwa hesabu ya vizazi, mtoto yule aliletwa baada ya mwaka 1873, ambapo Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kukataza watumwa kusafirishwa baharini. Ndiyo maana ya giza. Soko la Unguja lilikuwa limefungwa, ila utumwa wenyewe haukufutwa katika pwani yetu hii ya Kenya hadi mwaka 1907. Basi aliyetaka kununua alinunua, na aliyetaka kuuza alingoja usiku.

Shangazi hakutuambia hayo ili tuyaandike. Alituambia ili tuifute arusi, kwa kuwa hakustahimili kusikia uongo ukisomwa kwa sauti. Yeye alitaka nyanya yule atoke katika kitabu kabisa, kwa kweli na kwa uongo. Sisi nasi, Mungu atusamehe, jambo la kwanza lililotupitia moyoni halikuwa huruma. Tulifurahi. Tulijua pale pale kwamba sasa tumepata riwaya. Furaha hiyo yatuonea haya mpaka leo, na twaitaja kwa sababu aandikaye kuhusu watu wake asipoikiri atakuwa amewaficha wasomaji nusu ya mambo.

Usiku ule ule tulikaa tukaandika chombo kikiingia Siyu. Tukakipa mwezi wa nusu, mwezi saba, ili uwepo mwanga kidogo tu juu ya maji, kwa uzuri wa sura. Tukamsomea ami yetu mmoja aliyekuwa nahodha wa majahazi ya kupakia boriti Lamu na kuzishusha Mombasa. Akauliza, "Mwezi ngapi?" Tukasema saba. "Basi chombo chako kimekwama." Akatueleza kama amwelezavyo mtoto: mwezi saba na mwezi nane ni maji mafu, maji hayapandi sana, na hori la Siyu ni kina kifupi na tope, chombo chenye mzigo hakifiki mjini. Kinachoingia ni kile kinachongoja bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Mpevu una mwanga, na mwenye mzigo wa haramu haupendi mwanga. Kwa hiyo ni mwandamo, giza tupu.

"Na wakati wa bamvua," akaendelea, "maji hujaa saa ngapi upande wetu?" Hatukujua. Hujaa karibu na saa kumi na saa kumi na moja, jioni na alfajiri.

Tulinyamaza sote wawili. Alikuwa ameelewa kabla yetu. Chombo kile hakikuingia katika usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Kiliingia mji ukiamka. Watu walikuwa wakitia udhu. Sauti ya makasia na sauti ya mwadhini zilisikika pamoja, na waliokwenda msikitini walipita kando ya hori.

Tumewahi kusoma katika vitabu vya ufundi kwamba mtunzi huumba ulimwengu wake apendavyo. Huenda ni hivyo kwa wengine. Kwetu sisi ilikuwa bahari ya Pate ndiyo iliyokataa uzuri wetu na kutupa ukweli ambao hatukuuomba, na tangu siku hiyo hatukuthubutu kuandika usiku wowote bila ya kuuliza mwezi.

Shangazi aliposikia kwamba tunaendelea, alikasirika kwa namna ya wazee wetu: alituletea chakula na hakula nasi. Kisha akasema lililokuwa moyoni. Binti wa ndugu yetu alikuwa ameposwa. Watu wa upande wa pili ni watu wema, lakini ni watu wa kuuliza nasaba, na kitabu, akasema, husomwa kwanza na wenye husuda. "Wewe utapata sifa. Yeye atapata nini?"

Hatukuwa na jibu. Tulijaribu hoja za kitabuni. Tulimwambia kwamba Seyyid Majid na Seyyid Barghash wote wawili walizaliwa na masuria, na hakuna aliyethubutu kuwauliza nasaba. Akatujibu kwamba masultani walikuwa na mizinga. Tulimtajia Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, ambaye riwaya yake Peponi, kama ilivyofasiriwa na Ida Hadjivayanis, ni ya kijana aliyetolewa na wazazi wake kwa tajiri kwa ajili ya deni. Ulimwengu mzima umeisoma na pwani haikuzama. Akauliza kama huyo Gurnah anaishi Kibokoni.

Ikatubidi kumwendea shekhe mmoja tunayemwamini. Tulimweleza kwamba twaogopa tusije tukawa tunavunja sitara ya maiti, na kusitiri ni jambo tuliloamrishwa. Alifikiri kwa muda. Akasema sitara ni kwa aibu na madhambi, basi tumwambie mama yule alitenda dhambi gani. Kuibiwa? Kuuzwa? Akasema kama kuna wa kusitiriwa katika habari hii ni wengine, na hata hao tumwachie Mola wao. Ila akaongeza kwamba haki ya aliye hai nayo ipo, na kumdhuru binti kwa kitabu si jambo dogo.

Tulipeleka maneno yale kwa shangazi neno kwa neno. Akasikiza vizuri. "Shekhe amesema kweli," akasema. "Lakini shekhe hana binti wa kuoza."

Katika mashauri yote haya ya wazee, hakuna aliyemuuliza binti mwenyewe. Ajabu ni kwamba yeye ndiye anayetupigia chapa, kwa sababu vidole vyetu havijazoea kompyuta. Sura ya chombo alikuwa ameipiga miezi mitatu kabla sisi hatujakumbuka kwamba ana macho. Tulipomwita kwa unyonge kumweleza, alisema anajua. Hakulaumu, hakusifu, wala hakutuambia kama amemwambia mchumba wake, na sisi hatukuuliza. Aliuliza jambo moja tu. Mle ndani tumemwita mtoto yule "mtoto" kuanzia mwanzo mpaka mwisho. "Jina lake ni nani?"

Tukarudi kwa shangazi Alhamisi ile. Alikaa sana. Alilitaja jina alilopewa Siyu, jina tulilolisikia katika khitma tangu utoto bila ya kujua ni la nani. Kabla ya hilo, akasema, alikuwa na jina jingine, la kwao bara. Binti zake walimwomba mara nyingi awatajie, naye alikataa mpaka akafa. Alisema kwamba wamechukua vyote, hilo hawatalipata.

Halafu, bila ya kuombwa, shangazi akatwambia tumsomee tena ile sura ya alfajiri. Tulipofika pale tulipoandika kwamba mtoto alilia chombo kilipogonga ukingo, akatusimamisha.

"Hakulia," akasema. "Nyanya alituambia yeye hakulia. Alikuwa akihesabu makasia, ili akipata nafasi ya kurudi ajue ni mangapi. Futa kulia."

Tumefuta. Nikaha ya binti itafungwa baada ya Idi, inshallah, na kabla ya siku hiyo hakuna ukurasa utakaotoka nyumbani. Baada yake, shangazi hajasema ndiyo wala la. Jana binti alituletea sura nzima iliyopigwa chapa upya, na mahali palipohitaji jina la kwanza la mtoto, lile la kwao, ameacha nafasi tupu yenye upana wa neno moja. Tulimuuliza kama amesahau. Akasema hapana, iwe hivyo hivyo.