Dar hadi Mwanza: Nusu saa ya mwisho ni ya mtoto

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi uwanja wa Mwanza ni kama kilomita 850 kwa njia ya anga. Tiketi yetu ilisema saa moja na nusu. Kwa basi, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100, na siku nzima huishia barabarani.

Dada yangu alikuwa na ruhusa ya siku nne tu kazini. Bibi yetu, anayeishi Igombe, alikuwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho Jumatatu, na hakuwa amempakata kitukuu wake wa miezi mitano. "Nileteeni kabla sijaenda huko," alisema kwenye simu. Basi lingekula siku mbili kati ya hizo nne. Tukachanga nauli ya ndege.

Tulitoka Mbagala saa 11 alfajiri. Ndege iliruka saa 2 asubuhi. Dada alimnyonyesha mtoto tulipokuwa tunapaa, akashiba, akalala fofofo. Tukajipongeza.

Furaha iliisha ndege ilipoanza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua. Mtoto aliamka akipiga kelele, akijishika sikio. Mimi ninayeandika habari za afya kila wiki nilibaki nimeduwaa. Mama mmoja wa kiti cha nyuma ndiye aliyesema, "Mpe ziwa, mwanangu. Masikio hayo."

Alikuwa sahihi. Nyuma ya pua kuna mrija mwembamba unaokwenda sikio la kati. Ndege inaposhuka, mgandamizo wa hewa hubadilika, na mtu akimeza, mrija hufunguka na maumivu hupungua. Mtu mzima humeza mate au hupiga miayo. Mtoto mchanga anahitaji ziwa au chupa. Kama ana mafua makali au sikio linauma, mrija huweza kuziba, hivyo ni vyema aonwe na daktari kabla ya safari.

Alinyonya, akatulia. Chini tukaona Ziwa Victoria na mawe makubwa ya Mwanza.

Tulifika kwa bibi saa 4 na nusu. Saa moja na nusu ya tiketi ilikuwa imekuwa saa tano na nusu, mlango hadi mlango. Mzazi, pangia hizo: nepi, maziwa na nguvu zako. Bibi hakumwona vizuri mtoto, akampapasa uso taratibu. "Pua ya babu yenu hii," akasema.

Wakati wa kurudi, dada hakumnyonyesha wakati wa kupaa, maana mtoto alikuwa macho na anacheza. Alisubiri. Rubani alipotangaza kwamba tunaanza kushuka Dar, alimpa ziwa. Tulitua mtoto akiwa bado ananyonya.