Mtoto Niliyemwita Mkaidi

Kosa ninalolieleza hapa ni langu mimi, wala simtwiki mtu mwingine.

Nilikuwa nikifundisha katekismu katika shule moja ya kijijini, upande wa Kabambare, si mbali na mto Luama. Darasani mlikuwa na kijana wa miaka kama kumi. Nikiuliza swali, alitazama midomo yangu, kisha alicheka kidogo. Nikimwita akiwa amenipa kisogo, hakuitika. Nikamhesabu kuwa mkaidi. Mara mbili nilimpigisha magoti mlangoni, na jina lake sikuliandika pamoja na wale wa Komunyo ya kwanza.

Siku moja mvua kubwa ikapiga mabati, hata hakuna aliyesikia neno. Basi nikaandika sala ubaoni, wanafunzi wainakili. Nilipokusanya madaftari, la kwake lilikuwa safi kuliko yote. Nikasimama nyuma yake, nikapiga makofi. Wenzake wote waligeuka. Yeye aliendelea kuandika.

Jioni nilikwenda kwao. Mama yake aliniambia kwamba alipokuwa na miaka sita alishikwa na homa ya uti wa mgongo, na tangu hapo hasikii. “Tulidhani mwalimu anajua,” akasema. Baba yake alikuwa amekwisha kukata shauri: mwaka ukiisha, mtoto aache shule, amfuate shambani.

Seminarini nilijifunza Kilatini na namna ya kuhubiri; kumtambua mtoto asiyesikia sikujifunza. Nikapanda pikipiki mpaka Kasongo kumwuliza mganga. Alinieleza kwamba homa ile huweza kuharibu sikio la ndani, wala dawa ya matone haitalirudisha. Anachohitaji ni watu, akasema: mwalimu aliyefundishwa kazi ya viziwi, mkalimani wa lugha ya ishara, na msaidizi wa kukaa naye darasani. Huko Ulaya kila mmoja wa hao ana kazi yake na mshahara wake. Kwetu Kongo iko sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Lakini sheria haipandi pikipiki. Bukavu iko nyumba ya Heri Kwetu, inayopokea watoto wa namna hiyo. Mama alikataa kumpeleka mbali hivyo, nami sikuweza kumlaumu.

Kumbe mkalimani tulikuwa naye! Dada yake, wa darasa la tano, huongea naye kwa mikono, kwa ishara walizozitunga wenyewe nyumbani. Tukamketisha karibu naye kila asubuhi. Mtoto akaanza kujibu hesabu, hata baba akasema atangoja kwanza. Sisi walimu tulifurahi sana, tukajisifu.

Mwisho wa muhula tukaona alama za yule msichana. Alikuwa wa pili darasani kwake; sasa alikuwa karibu wa mwisho. Tulikuwa tumempa mtoto kazi ya mtu mzima, bila malipo, nasi tukaiita huruma.

Tukamrudisha darasani kwake. Mwalimu wa kaka yake sasa hasemi huku akiandika ubaoni; huandika kwanza, kisha hugeuka, na mtoto huketi mbele penye mwanga. Ni jambo dogo, lakini darasa lina watoto wengi mno, na mwalimu husahau. Mkubwa wa shule ameandika barua Kasongo kuomba mwalimu mmoja afundishwe kazi hiyo. Jibu bado. Mimi Jumamosi huketi uani kwao, nikajifunza ishara. Wadogo zao hunicheka kwa vidole vyangu vigumu.

Juma lililopita nilimwuliza kwa mikono swali la kwanza la katekismu. Alijibu upesi, kwa ishara nisiyoijua. Nikamwomba arudie, akarudia, akanikazia macho. Ikanibidi nimtoe tena dada yake katika somo la Kifaransa.